Kamba ya Kupimia Tairi

Ukitaka kumfurahisha kaka yangu, mwombe asimulie jinsi nilivyovunja gari la Baba. Atasukuma sahani kando, atapangusa mdomo, kisha ataonyesha kwa mikono yote miwili jinsi nilivyoingia kona kama mtu anayekimbiza ng'ombe. Nimemsikia akisimulia kwenye sherehe za mahari, kwenye matanga, na kila Krismasi tangu siku ile, na kila mara kona inazidi kuwa kali na mimi ninazidi kuwa mjinga. Watu hucheka sana. Ni msimulizi hodari, hilo siwezi kumnyima. Baba huwa amekaa papo hapo, fimbo yake katikati ya magoti, akitazama chai yake.

Kaka yangu simkasirikii sana. Ninayemkasirikia ni huyo anayetazama chai.

Baba aliendesha lori la mbao miaka yote aliyokuwa na nguvu. Alikuwa akipakia Elburgon, kwenye viwanda vya kupasulia mbao, akiteremka Njoro hadi Nakuru, na mzigo ukiwa mkubwa akiendelea hadi Mai Mahiu. Lori la namna ile lina tairi mbili mbili nyuma, zimebanana bega kwa bega. Baba alinieleza nikiwa bado shule ya msingi kwamba hizo mbili lazima zilingane kimo. Moja ikiwa ndefu kuliko mwenzake, itabeba mzigo peke yake mpaka ipasuke, na ikipasukia kwenye mteremko wa kushukia Njoro, mbao zitamwagika juu ya watu. Ndiyo maana alitembea na kamba ya katani mfukoni. Alinipa ncha yenye fundo niishike juu ya tairi, naye akaizungusha kamba mpaka ikanirudia, akaweka alama ya chaki, kisha tukahamia tairi ya pili.

"Usiamini macho," alikuwa akiniambia. "Weka kamba."

Alinifundisha pia kusoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Ya kwanza ni upana. Ya mwisho ni kimo cha rimu. Ile ya katikati ndiyo huwapoteza watu wengi, kwa sababu wanadhani nayo ni kipimo kama zile nyingine, kumbe ni asilimia. Ikiandikwa 45, maana yake ukuta wa tairi umesimama kwa asilimia arobaini na tano ya upana wake. Ukichukua tairi pana zaidi na uiache 45 vile ilivyo, umepanua na umerefusha kwa pamoja. Nililijua hili kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe, na aliyenifundisha ni Baba.

Alipouza lori, alinunua gari alilolitamani tangu ujana wake, alipokuwa akisimama kando ya barabara ya vumbi kutazama magari ya rali yakipita. Lilikuwa la Kijapani, la milango miwili, lenye turbo, la bluu, na linavutwa na magurudumu yote manne. Wazee wenzake walinunua ng'ombe wa gredi na kujenga nyumba za kupangisha, wakamcheka. Hakujali. Aliliendesha kwa miaka michache tu, kisha ugonjwa wa kupooza ukamshika upande wa kushoto na mguu ukakataa kukanyaga klachi. Kuanzia hapo mimi ndiye niliyekuwa nikilitoa. Kila Jumapili nilipanda kutoka Nakuru, kwenye duka langu la dawa za mifugo, nikamfunga mkanda kwenye kiti cha abiria na kumpeleka hadi Molo na kurudi. Aliniambia nina mkono mzuri kuliko wake, na kwa mtu kama yeye hiyo haikuwa sifa ndogo.

Tamaa yake ilikuwa moja. Kwenye shamba kubwa la ngano huko juu kuelekea Mau Narok kuna kiwanja cha zamani cha ndege za kunyunyizia dawa, kimewekwa lami, na wapenzi wa magari hukikodi mara moja moja, wakapanga mapipa na kukigeuza treki. Baba alitaka kuliona gari lake likikimbia pale, likienda kwa nguvu zake zote, kabla hajafa. Na alitaka niliendeshe mimi. Alilisema mbele ya kila mtu, na nilitembea wiki nzima nikiwa nimevimba kichwa.

Hapa lazima nieleze majina ya kwetu, bila kumtaja mtu. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kaka yangu basi ni babu yetu aliyerudi, na Baba amemwita "baba" tangu akiwa kwenye nepi. Mimi ni msichana wa pili, nikapewa jina la nyanya mzaa mama, kwa hiyo Baba huniita mama mkwe. Ni utani, na ni utani mtamu watu wakiwa na raha. Lakini ndani ya utani huo kuna cheo. Mtu hambishii baba yake mbele ya watu. Mama mkwe naye huheshimiwa, huletewa shuka na mtungi siku ya mahari, na hakuna anayemwuliza maoni yake kuhusu jambo lolote.

Na kwetu hakuna jambo linalofanyika bila kamati. Harusi ina kamati, matanga yana kamati, na siku ya treki ya Baba nayo ikapata kamati, kaka yangu akiwa mwenyekiti. Walikaa sebuleni kwa Baba: ami zangu, wazee wa kanisa, marafiki wa kaka. Mama alikuwa ameshatuacha, kwa hiyo chai niliipika mimi. Walifungua kwa maombi. Nilipoingia na thamosi, kaka alikuwa akizungusha simu yake mkono kwa mkono, ina picha ya gari jekundu la Kizungu lenye tairi nyembamba mbele na pana nyuma.

"Gari ya mzee haiwezi ingia treki na tairi za kwenda soko," alisema. "Mbele ibaki 225/45. Nyuma tunaweka 255/45. Itakuwa na grip, na itakuwa na sura."

Niliweka thamosi mezani.

"Hiyo ya picha inasukumwa na nyuma peke yake," nilisema. "Hii yetu inavutwa na zote nne. Mbele na nyuma lazima zilingane kimo, la sivyo difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, itaungua."

"Kwani hazilingani? Si zote ni 45?"

"45 ni asilimia. Ukiweka 255 na uache 45, nyuma itakuwa juu."

Ami mmoja alicheka kwa upole, kama mtu anayecheka na mtoto. "Asilimia wacha ikae benki," alisema, na sebule nzima ikacheka naye.

Sikunyamaza. Niliwaambia kama wanataka upana, tuweke 245/40 zote nne. Ni pana kuliko zile za kiwandani, rimu zetu zinazimudu, na kwa kuwa ile namba ya katikati imeshuka, kimo kinabaki karibu kile kile, tena kinapungua kidogo, na gari litachomoka vizuri likitoka kwenye kona. Nilikuwa nimeshazipata Nakuru, zimekaa stoo kwangu nyuma ya magunia ya chakula cha ng'ombe, zinangoja tu. Nilieleza polepole, kwa adabu, na kikombe cha mtu mkononi.

"Forty?" kaka akasema. "Sasa tunarudi chini? Mzee anataka kuenda juu." Kisha akamgeukia Baba. "Mzee, unasema aje?"

Nilimtazama Baba bila wasiwasi hata kidogo. Huyu ndiye aliyewahi kulisimamisha lori mvuani, mzigo wa mbao za watu mgongoni, kwa sababu tairi moja ilizidi nyingine kwa unene wa kidole. Alimtazama mwanawe, akanitazama, kisha akatabasamu.

"Baba yangu amesema," alijibu.

Walicheka tena, wakafunga kwa maombi. Nilikusanya vikombe. Nilijiambia kwamba Baba hapendi mabishano mbele ya wageni, kwamba atamwita kaka kando na kumwekea kamba. Ndivyo nilivyomjua.

Gari lilipelekwa treki juu ya lori la kukodi, kwa hiyo hakuna aliyeliendesha na tairi zile, na mimi nilizikuta asubuhi ile ile, zimeng'arishwa kwa mafuta. Nyuma lilikuwa limeinuka kama jogoo. Upepo wa Mau ulikuwa ukilaza ngano pande zote mbili za lami. Baba alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki na suti yake ya kanisani, blanketi juu ya magoti, na nusu ya kanisa nyuma yake. Mbuzi wawili walikuwa tayari kwenye moto.

Nilichuchumaa mbele yake.

"Baba, umeziona hizo tairi?"

"Nimeziona."

"Umezipima?"

Aligeukia lami. "Endesha tu, mama mkwe," alisema. "Endesha vizuri."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi sana. Nilimsikia mtu aliyenifundisha kupima akiniambia niende, nikaenda. Mtu mwingine yeyote angeniambia hivyo, ningemwomba kwanza kamba.

Kwenye mzunguko wa kwanza gari lilikataa kupinda. Nilikata usukani nalo likasukuma mbele kwa ukaidi, magurudumu yakirukaruka kama ndama anayeburutwa kwenda kuogeshwa. Kwenye sehemu iliyonyooka lilikimbia, na nakubali kwamba kwa sekunde kadhaa nilisahau kila kitu. Lile gari lilikuwa na moyo. Nilipita mbele ya Baba, nikamwona ameinua fimbo juu. Kisha harufu ya mafuta yaliyoungua ikaanza kuingia kupitia sakafu, nikajua. Nilipunguza mwendo ili nitoke. Kwenye kona ya mwisho kitu kililia chini yangu kama chuma kinachokatwa, magurudumu yakajifunga, nasi tukateleza mimi na gari mpaka ndani ya ngano.

Sikuumia. Nilikaa mle nikiangalia masuke yamelala juu ya boneti.

Kaka ndiye aliyefika wa kwanza, na swali lake halikuwa kama niko mzima. "Umefanya nini?" alisema. Wengine walifika wakipiga miluzi. Mmoja wa marafiki zake alisema turbo si kitu cha kupea mwanamke. Fundi aliyekuwepo alilala chini, akatoka na kusema difu ya katikati imejifunga. Kaka akamwambia ni giya, nilikuwa nimebadilisha giya vibaya, alisikia mwenyewe. Fundi alimtazama mtu aliyemleta na atakayemlipa, akasema inawezekana.

Niliomba kamba ya kuvutia gari. Niliizungusha kwenye tairi ya mbele, nikaishika alama kwa vidole, nikaizungusha kwenye ya nyuma. Ilipungua kwa upana wa kiganja changu kizima. Nilifanya hivyo peke yangu, kwa sababu nyama ilikuwa imeiva na watu walikuwa wameshaanza kurudi. Nilimpelekea Baba ile kamba, vidole vyangu bado vimebana pale pale.

"Baba, angalia."

Hakuangalia. "Peana chakula kwanza," alisema. "Kuna wageni."

Nikawapakulia. Niliwawekea nyama kwenye sahani watu waliokuwa wakinicheka, na kaka yangu alikuwa ameshaanza kuisimulia ile kona.

Miezi ilipita. Nilikuwa nimempeleka Baba kliniki Nakuru, tunarudi na pikapu yangu, tumeshapita Njoro, mvua nyepesi kwenye kioo.

"Zile tairi," alisema, "nilizipima."

Sikuelewa kwanza. "Lini?"

"Jioni ile walizifunga. Watu wakienda kula nikaomba kijana wa kazi anishikie kamba."

"Ukaona."

"Nikaona."

"Na ukaniambia niendeshe."

Alikuwa akipangusa kioo cha upande wake kwa mkono wake mzima, ingawa mvua ilikuwa nje. "Baba alikuwa ameshaongea mbele ya watu," alisema. "Nikadhani utaenda polepole, zitashikilia. Wewe unajua kuendesha."

"Huyo baba ni mtoto wako."

"Najua."

"Basi waambie. Jumapili wote watakuwa nyumbani. Sema mara moja tu, nami sitakuuliza tena."

"Nitaona vile nitasema," alijibu.

Nilimfikisha, nikamsaidia kushuka, nikamwekea dawa zake kwenye kabati. Nilikuwa na hasira, na nilizipanga zile dawa kwa uangalifu mkubwa. Gari lingeweza kutengenezwa au kuoza, lilikuwa gari. Nilichotaka ni sentensi moja kutoka kwake mbele ya watu wale wale. Jumapili hiyo walikuja, wakala, wakaenda. Krismasi kaka alisimulia, akaongeza kwamba nilikuwa nimefumba macho, na Baba akatazama chai yake. Niliacha kupanda Jumapili. Gari lilibaki chini ya turubai kando ya zizi, kuku wakataga mayai chini yake, na zile 245/40 zangu zikabaki stoo, bado na stika zake.

Mwaka huu Baba aliamua kuliuza. Mnunuzi alitoka Mai Mahiu na lori la kubebea magari, mtu mwenye gereji upande wa barabara ya malori, tumbo mbele na kofia nyuma. Nilikuwepo kwa bahati tu, nilikuwa nimemletea ng'ombe wa Baba dawa ya minyoo. Kaka alikuwa shambani, huko ng'ambo ya mto, ananyunyizia viazi.

Mnunuzi alilizunguka gari mara kadhaa, akavuta midomo.

"Mzee, sitakudanganya," alisema. "Watu wa treki wameniambia hii gari iliuliwa na dereva. Kama alichoma difu, hata engine alichoma. Hapa mimi nanunua chuma tu."

Baba alisimama. Ilimchukua muda, na sikwenda kumsaidia. Aliweka mkono juu ya paa la gari.

"Dereva hakuwa na makosa," alisema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku za lori. "Ni saizi ya tairi, boss. Nilipima mimi mwenyewe. Hii ya nyuma iko juu kushinda ya mbele, na hii ni four-wheel. Msichana yangu alikuwa ametuambia tuweke 245/40 zote nne, tukakataa kumskiza. Huyu hapa. Engine iko sawa kabisa. Huyu anaendesha kushinda hao wote."

Kisha akatoa kamba mfukoni.

Hakuacha kitu. Hata "tukakataa" aliitamka. Sentensi yangu ilitoka nzima, imenyooka, mbele ya mtu asiyejua hata jina langu, siku ambayo kuisema kungeongeza bei. Nilingoja nifurahi. Nilisimama pale na chupa ya dawa ya minyoo mkononi nikingoja, na nilichopata kilikuwa uchungu mtupu. Kumbe alikuwa ameyapanga maneno yote kichwani muda wote huo. Hakukosa namna ya kusema. Alikosa sababu, na mimi sikutosha kuwa sababu.

Mnunuzi alinitazama upya. "Hapo sasa tunaongea," alisema. "Siste, hiyo saizi yako ni gani tena? Nikiitengeneza nataka niiweke tairi ya ukweli."

Baba alikuwa ameshainama kwenye gurudumu la nyuma, akijishikilia kwa fimbo. Alininyooshea ile ncha yenye fundo, kama zamani, na usoni alikuwa na furaha. Namjua, alidhani ameshalipa.

"Kuja ushike hapa, mama mkwe," alisema. "Umsomee namba."

Nilitazama ile kamba. Ilikuwa imechakaa, na fundo limekuwa jeusi kwa vidole vyetu sisi wawili.

"Ngoja baba yako arudi kutoka shambani," nilimwambia. "Atakusomea."

Nikaingia jikoni kuwapikia chai.